Kura ni Amana, na Amana Huulizwa kwa Aliyekabidhiwa



Yapo maneno mawili ambayo katika kata ya Kasekese, wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, kama katika kata nyingi za nchi yetu, husemwa na watu wa kila hali: "Serikali imetusahau." Kisima kikikauka, maneno ni hayo. Mbolea ikichelewa, maneno ni hayo. Shamba la yatima likimegwa mpakani, maneno ni hayo hayo. Hatusemi kwamba malalamiko haya hayana haki. Mengi yana haki tele. Tunalosema ni kwamba neno "Serikali" linatamkwa kana kwamba ni mtu mmoja aketiye mahali pamoja, ilhali mamlaka ya nchi hii yamegawanywa kwa watu wengi, kila mmoja na mpaka wake. Mwenye kudai deni kwa asiyekopa hurudi mikono mitupu, na aliyekopa hasa hulala usingizi wa raha.

Kura ni amana. Hili tumelisema mara nyingi katika kurasa hizi na katika misikiti yetu. Lakini amana haikamiliki kwa kukabidhi tu; hukamilika kwa kujua umemkabidhi nani, umemkabidhi nini, na siku ya hesabu umwulize wapi. Makala hii inakusudia kueleza, kwa lugha nyepesi kadiri iwezekanavyo, misingi ya utawala, uchaguzi na sheria inayomhusu mwananchi wa Kasekese, na kuonyesha ni mlango upi aubishe kwa haja ipi.

MUUNGANO NA MAMBO YAKE

Tuanze juu, ili tushuke hadi kijijini. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano, na tarehe 26 Aprili nchi mbili zikawa dola moja. Jina la Tanganyika halimo tena katika orodha ya mataifa. Limebaki katika ziwa, ambako ndiko nchi ilikolipata, na leo limo pia katika wilaya yetu hii, iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Mpanda.

Muungano wetu una sura yake peke yake. Katika mashirikisho kama India na Ujerumani, kila jimbo lina serikali yake na bunge lake, na juu yao ipo serikali ya shirikisho. Kwetu serikali ni mbili: ya Jamhuri ya Muungano, na ya Mapinduzi ya Zanzibar. Zanzibar inalo Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria kwa mambo yake ya ndani. Bara haina chombo cha namna hiyo. Mambo yake yote, ya Muungano na yasiyo ya Muungano, huamuliwa na Serikali na Bunge la Muungano.

Mambo ya Muungano yalipoandikwa mwaka 1964 yalikuwa 11. Leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba inaorodhesha 22. Humo mna mambo ya nchi za nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, sarafu na elimu ya juu. Kilimo hakimo. Afya haimo. Shule ya msingi haimo. Hivyo waziri wa kilimo anayezungumza Dodoma ni waziri wa Jamhuri ya Muungano kwa cheo, lakini jembe lake halivuki bahari kwenda Unguja na Pemba. Linaishia huku Bara. Mbunge kutoka Zanzibar hupiga kura bungeni hata katika shauri la pamba ya Katavi, wakati mbunge wa kwetu hana kura katika Baraza la Wawakilishi. Siku ya Uchaguzi Mkuu mpiga kura wa Kasekese hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Mwenziwe wa Pemba hupewa tano, kwani yeye humchagua pia Rais wa Zanzibar na Mwakilishi.

Je, mpango huu ubaki au ubadilike? Watu wazito wamelijadili. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilipendekeza shirikisho la serikali tatu. Mwaka 1993 kundi la wabunge lililojulikana kwa jina la G55 lilidai serikali ya Tanganyika, naye Mwalimu akalipinga kwa nguvu zote, akihofia kwamba serikali ya tatu ingeuvunja Muungano wenyewe. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilirudi na pendekezo la serikali tatu katika rasimu zake za 2013. Bunge Maalum la Katiba likalikataa, na tarehe 2 Oktoba 2014 likapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 haikufanyika, na Katiba ya 1977 ndiyo inayotutawala hadi leo, pamoja na marekebisho yake.

Sisi hatumwelekezi msomaji upande wa kusimama katika hoja hii. Tunasema tu kwamba ziwe serikali mbili au tatu, swali la mkulima litabaki lile lile: jambo langu linaamuliwa wapi, na anayeliamua namfikia vipi? Asiyelijua jibu chini ya serikali mbili hatalijua chini ya tatu; ataongezewa tu mlango mmoja wa kupotelea.

MBUNGE NA WAZIRI MKUU

Mbunge ana kazi ambazo Katiba imezitaja: kutunga sheria, kuidhinisha bajeti, na kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Hakuajiriwa kujenga daraja kwa mkono wake, wala kulipa ada za watoto wa jimbo, wala kununua sanda. Ni kweli kwamba tangu sheria ya mwaka 2009 upo mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo ambao mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na jambo hili limewachanganya wengi. Lakini mfuko ule ni mdogo mbele ya bajeti ya nchi, na kura ya mbunge juu ya bajeti ya nchi ndiyo thamani yake kubwa. Tukimpima kwa fulana na mipira aliyogawa, naye atajitahidi katika fulana na mipira, na katika bajeti atasema "ndiyo" akiwa amesinzia.

Mkoa wetu una mfano ulio karibu. Mwezi Februari 2008, baada ya kamati teule ya Bunge kutoa taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Aliyeshika nafasi yake ni Mizengo Pinda, mbunge wa Mpanda Mashariki, aliyeendelea hadi 2015. Waziri Mkuu huteuliwa na Rais miongoni mwa wabunge wa majimbo, huthibitishwa kwa kura za Bunge, na Bunge laweza kupitisha azimio la kutokuwa na imani naye. Basi wabunge wakiamua kuuliza, cheo kikubwa namna hiyo huinuka kitini. Wakinyamaza, hakuna kifungu cha Katiba kitakachosema kwa niaba yao.

ALIYECHAGULIWA NA ALIYETEULIWA

Hapa pana tofauti ambayo tungependa kila msomaji aihifadhi. Wanaomtawala mwananchi wa Kasekese ni wa namna mbili. Waliochaguliwa ni mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na halmashauri yake, diwani, mbunge na Rais. Walioteuliwa au kuajiriwa ni mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Aliyechaguliwa hujibu kwa waliomchagua. Aliyeteuliwa hujibu kwa aliyemteua, na mwananchi humfikia kwa kupitia waliochaguliwa. Diwani ndiye anayekaa katika baraza moja na mkurugenzi na kumwuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Kama diwani haulizi, tusimlaumu mkurugenzi peke yake.

Tena aliyeteuliwa naye amewekewa mpaka na sheria. Tutoe mfano mmoja, kwa kuwa una uzito katika maisha ya watu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe pale anapoona amani inahatarishwa au kosa la jinai limetendwa, lakini muda wenyewe hauzidi saa 48, na mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu au aachiwe huru. Uwezo huo haukutolewa kwa ajili ya kumnyamazisha mwananchi aliyeuliza swali mkutanoni. Anayezijua saa 48 ana ngao. Asiyezijua ana hofu tu.

KIJIJI, MLANGO ULIO KARIBU NA ULIOSAHAULIWA

Sasa tumefika palipo kiini cha makala hii. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mamlaka ya juu kabisa katika kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, nao ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18: mwanamume na mwanamke, mkulima na mfugaji, msomi na asiyejua kusoma. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ni mtumishi wa mkutano huo. Mkutano unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na humo husomwa mapato na matumizi. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo, kwa mfano juu ya mifugo kuingia mashambani au utunzaji wa chanzo cha maji, na sheria ndogo hiyo hupata nguvu baada ya wananchi kuijadili mkutanoni na halmashauri ya wilaya kuiidhinisha.

Katika ardhi, mamlaka ya kijiji ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaifanya Halmashauri ya Kijiji kuwa msimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, mfano wa mdhamini anayetunza mali ya wengine. Hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Ikiwa ardhi ya kijiji inatakiwa ihamishwe kwa matumizi mengine na eneo lake halizidi hekta 250, ni Mkutano Mkuu unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kuyapima mapendekezo ya kijiji. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu wao hawana budi kuwa wanawake.

Katika mkoa kama Katavi, wenye ardhi pana na wageni wanaoingia kila mwaka na majembe yao na ng'ombe wao, maneno haya ya sheria ni chakula na amani. Mwenyekiti akimgawia mtu eneo kwa muhuri wake pekee, karatasi ile haikupita njia ya sheria, na aliyeinunua amenunua ugomvi. Miaka kumi baadaye watoto wa aliyeuza na watoto wa aliyenunua watakutana na mapanga mkononi, na kila mmoja atasema ana haki. Fitina hiyo ilizaliwa siku Mkutano Mkuu ulipoitishwa na watu wakabaki nyumbani, au ulipokosa kuitishwa na hakuna aliyeuliza.

Na kheri ya mlango huu imeonekana katika wilaya hii hii. Vijiji vinane vinavyoizunguka milima ya Ntakata, vikiwamo Katuma, Mwese na Lugonesi, viliweka mipango ya matumizi bora ya ardhi, vikatenga misitu yao kuwa hifadhi za vijiji, kisha vikaingia katika biashara ya hewa ya ukaa. Fedha zinazopatikana huingia vijijini, na zimetumika kwa zahanati na shule. Msitu ule ungekuwa hauna mwenyewe kisheria, faida yake ingechukuliwa na mwenye shoka.

Upo mfano mwingine wa wilaya yetu, nao unaonyesha thamani ya kitu ambacho sisi tunakichukulia kirahisi. Katika makazi ya Mishamo waliishi kwa miongo kadhaa ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Walilima, walizaa, walizika. Lakini walikuwa chini ya mkuu wa makazi aliyewekwa na wizara, na aliyetaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali. Uraia ni jambo la Muungano, hivyo hakuna kijiji wala wilaya iliyoweza kuwapa. Mwaka 2014 wapatao 162,000, wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu, walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Waulizeni wao maana ya kuwa na haki ya kumchagua na kumwondoa mwenyekiti. Sisi tuliozaliwa na haki hiyo tunashinda kivulini siku ya mkutano.

UCHAGUZI NA MASHAKA YAKE

Atatokea msomaji aseme: mnatuhimiza kuchagua, na uchaguzi wenyewe mmeuona. Hoja hii ni nzito, na hatutaikwepa. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, vikilalamikia wagombea wao kuenguliwa. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 ulisimamiwa tena na ofisi ya TAMISEMI, iliyo chini ya Rais, na chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya viti vya wenyeviti wa vijiji. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila ya chama kikuu cha upinzani, na siku ile na zilizofuata ilimwagika damu ya Watanzania. Twawaombea rehema waliokufa, na subira waliofiwa.

Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa katika Mahakama Kuu. Matokeo ya urais wa Muungano, yakishatangazwa na Tume, Katiba yetu katika ibara ya 41 inazuia mahakama yoyote kuyachunguza. Jirani zetu Kenya wameufungua mlango huo, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu yao iliufuta uchaguzi wa Rais na kuamuru urudiwe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwaka 2020 kwamba zuio letu linakiuka haki. Sisi tunaona kwamba mlango wa mahakama ukifungwa, watu hutafuta mlango wa barabara, na huo hauna hakimu. Kwa hiyo kuufungua mlango wa mahakama ni kuilinda amani.

Lakini kasoro za juu zisiwe sababu ya kuacha kilicho chini. Hata pale kura ilipochezewa, Mkutano Mkuu wa Kijiji haukufutwa na sheria. Mwenyekiti, kwa njia yoyote aliyoupata uenyekiti, analazimika kuuitisha, kusoma hesabu na kujibu. Watu mia tatu waliokaa kwa adabu, wakauliza swali moja na kudai liandikwe katika muhtasari, wamefanya kazi ambayo hakuna karatasi ya kura inayoweza kuifanya peke yake.

MAHAKAMA NA MIRATHI

Neno fupi juu ya mahakama, kwa sababu waumini hutuuliza. Mahakama si jambo la Muungano isipokuwa Mahakama ya Rufani. Ndiyo maana Zanzibar ina Mahakama ya Kadhi kwa sheria yake yenyewe, na Bara haina iliyo ndani ya mfumo wa dola. Hata hivyo Mahakama ya Mwanzo huku Bara ina uwezo wa kusikiliza mirathi ya Mwislamu kwa kufuata sheria ya Kiislamu. Mjane wa Kasekese asiambiwe kwamba hana pa kwenda. Aende na ushahidi wa ndoa na wa kifo, na mashahidi wanaojua maisha ya marehemu. Na ndugu wa marehemu wasimtangulie kugawana mali kabla ya hakimu kuteua msimamizi.

LIPI LIFANYIKE

Mashauriano ni amri katika dini yetu, wala si hiari ya mwenye nafasi. Anayehimiza shura msikitini kisha akaikimbia kijijini amechukua nusu na kuacha nusu. Basi tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tarehe ya Mkutano Mkuu wa Kijiji itangazwe baada ya sala ya Ijumaa kama tunavyotangaza maziko na harusi. Kutangaza mkutano wa kijiji si kampeni ya chama, na msikiti usigeuzwe jukwaa la chama chochote.

Pili, wanawake wahudhurie na wasemwe na midomo yao wenyewe. Maji huchotwa na wao, na mipaka ya mashamba huijua kuliko wanaoiuza.

Tatu, kila kijiji kiwe na vijana wawili au watatu watakaozisoma sheria hizi mbili, ya serikali za mitaa na ya ardhi ya vijiji, na kuwasomea wengine. Vijana wetu wanaweza kusoma mikataba ya simu zao hadi mwisho, hizi hazitawashinda.

Nne, tuache kusema "Serikali imetusahau" kabla hatujataja jina la ofisi. Tuseme: hesabu ya robo hii haijasomwa, na mwenye kuisoma ni halmashauri ya kijiji. Tuseme: zahanati haina dawa, na diwani alipeleke barazani. Tuseme: sheria hii inatuumiza, na mbunge ndiye mwenye kura ya kuibadili. Lawama isiyo na anwani haimfikii mtu.

Siku itakayoitishwa kura nyingine, na wagombea wakaja na ngoma na ahadi, mwananchi aliyeyajua haya atakuwa na swali moja la kuwauliza: kazi unayoiomba, sheria imekupa uwezo gani ndani yake, na sisi tutakuhoji wapi? Asiyeweza kulijibu hajui anachokiomba, na haifai kukabidhiwa amana.

Wabillahi tawfiq.